Kijumba cha Ziwani, Gari la Taratibu

Mwenye nyumba alipouliza hati iandikwe kwa majina ya nani, Pazia alihisi uso ukimpoa kana kwamba amemwagiwa maji. Alijua kuwa swali hilo linakuja. Alichokuwa akiomba tangu asubuhi ni lisije pale, mbele ya mumewe, ambaye alikuwa amesimama dirishani mikono mifukoni akilitazama ziwa.

"Langu na la mdogo wangu," Dada akajibu kabla mtu mwingine hajafungua kinywa. "Mawili tu."

Mume hakugeuka. Mabega yake mapana, yaliyozoea kukaa nyuma ya usukani, yalipanda kidogo yakashuka, basi. Mwenye nyumba, mama mfupi aliyening'iniza miwani shingoni kwa uzi, alimwangalia huyu, akamwangalia yule, kisha akajitia kufuta kitasa cha mlango ambacho wala hakikuwa na vumbi.

Mume huyo watu walimwita Taratibu. Jina alipewa na abiria wa mabasi ya masafa marefu, kwa sababu miaka yote aliyoendesha hakuwahi kulipita gari jingine kwenye kona, hata wampigie kelele kwa nyuma vipi. Wengine walimtukana, wengine walikuwa radhi waahirishe safari kuliko kupanda basi la dereva mwingine. Sasa alikuwa ameacha safari, anafundisha madereva wapya wa kampuni ileile. Mkewe naye, jina lake la kuzaliwa mtaa mzima ulikuwa umeshalisahau. Alishona mapazia ya nyumba za watu, akapanda ngazi akayatundika, akashuka, akarudi kwenye nyumba ya kupanga ambako dirisha lake mwenyewe la chumbani lilizibwa kwa shuka kuukuu. Akawa Pazia.

Walikutana ukubwani, kila mmoja na kovu lake. Mke wa kwanza wa Taratibu alichoka kuolewa na mtu anayerudi nyumbani kubadilisha nguo tu. Mume wa kwanza wa Pazia aliaga asubuhi moja kwamba anakwenda kuangalia kazi mji wa pili. Akawasha gari, akapiga honi kwenye kona ya mtaa, na honi ile ndiyo ikawa neno lake la mwisho.

Ndoa ya pili ilikuwa tamu. Walitaniana hadi majirani wakawazoea. Wakaanza kuweka akiba pamoja, ya kununua mahali pa kupumzikia, pao wenyewe, na hapo ndipo ubishi ulipoanzia. Pazia alitaka kijumba kando ya ziwa, chenye mlango wa kufunga na kufungua mwenyewe. Taratibu alitaka gari-nyumba: gari kubwa lenye kitanda, jiko na sinki ndani yake, mtu anakwenda nalo popote na kulala popote. Alikuwa ameshaliona moja, zamani lilikuwa zahanati ya kutembea, linauzwa na rafiki yake mpiga rangi. Akiba yao haikutosha vyote viwili. Kwa miezi mingi walibishana kwa kucheka. Taratibu alisema nyumba ya mapumziko ni nyumba ambayo mtu anakwenda likizo kuifagia. Pazia alisema gari-nyumba ni kujilipia upate kulala stendi.

Kicheko kilikatika Dada alipoingia kati. Dada alikuwa mwalimu mkuu, mjane, mtu wa kunyoosha maneno kama anavyonyoosha mistari ubaoni. Ndiye aliyemlea Pazia mama yao alipofariki. Alikitafuta kijumba, akakipata, akasema atatoa nusu, kwa sharti moja alilomnong'oneza mdogo wake jikoni: jina la yule dereva lisionekane kwenye hati. Pazia alilimeza sharti lile kama mtu anayemeza kidonge bila maji, na tangu siku hiyo lilikuwa limemkwama kooni.

Sasa limetoka, na limetokea sebuleni kwa mtu baki.

Taratibu aligeuka hatimaye. Alimwambia mwenye nyumba, kwa adabu yake ileile ya siku zote, kwamba nyumba ni nzuri na paa ni zima, kisha akasema atawasubiri kwenye gari. Alipopita mbele ya mkewe alimtazama mara moja tu. Pazia angependa macho yale yawe na hasira. Yalikuwa yanauliza.

Alipotaka kumfuata, Dada alimshika kiwiko. Akamwambia amwache, ataelewa, mwanaume akipewa muda huelewa. Mwenye nyumba akasema hana haraka na mtu, ila kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho mchana, na yeye angependa kujua mapema.

Njiani walirudi watatu kama watu watatu waliopanda teksi moja bila kujuana. Dada alikaa nyuma akizungumzia rangi ya kuta na nyasi za kufyekwa. Walipofika kwake aliteremka, akainama kwenye dirisha la dereva.

"Shemeji, usinichukulie vibaya. Mimi namlinda mdogo wangu."

"Nimekusikia, shemeji," Taratibu akasema, na akangoja hadi Dada afungue geti lake ndipo akaondoa gari.

Nyumbani, Pazia aliinjika chai ambayo hakuna aliyeitaka. Taratibu alikaa kwenye kiti cha jikoni, akaweka funguo mezani, akazisukuma mbali kidogo kwa kidole kimoja.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku Dada aliponitajia nyumba."

Alitikisa kichwa polepole. Sauti yake haikupanda. Pazia alikuwa ameshawahi kuishi na mtu wa kupaza sauti, na siku hiyo aligundua kwamba kumbe sauti ya chini inaweza kuumiza zaidi.

"Mimi sikasirikii jina," Taratibu akasema. "Jina langu halijawahi kuandikwa mahali zaidi ya kwenye leseni, na nimeishi. Lakini mlinipeleka nikaione. Nimepanda ngazi, nimelikagua paa bati kwa bati. Nimelala chini ya sinki nikaangalia mabomba. Nimeshuka nikawaambia nyumba ni nzima, na nilikuwa na furaha, mke wangu. Nilikuwa nimeshaanza kuipenda kwa ajili yako. Kumbe mlikuwa mmekuja na fundi wa kuazima."

Pazia alisimama na mgongo kwenye jiko. Alitaka kusema samahani, neno lilikuwa pale pale ulimini, lakini aibu ilimwahi, na aibu ikishamshika mtu hutafuta wa kumrushia.

"Na wewe na gari lako? Unataka nikae ndani ya kitu chenye injini halafu nilale usingizi? Wewe ukisikia injini inawaka unasikia safari. Mimi nasikia mtu anaondoka."

"Mimi siye yule."

"Hata yule hakuwa yule mpaka siku ile."

Chai ilichemka ikamwagika, ikazima moto. Hakuna aliyeinuka. Taratibu alimtazama mkewe kwa muda, uso umemlegea, kama mtu aliyepigwa na mtoto wake mwenyewe. Kisha akainuka, akachukua kitambaa, akafuta jiko, akakikamua kitambaa, akakianika. Ndivyo alivyokuwa. Hata akiumia hakuacha kitu kimemwagika.

Walilala wamepeana migongo. Katikati ya kitanda palibaki nafasi ambayo mtu wa tatu angelala akajinyoosha.

Asubuhi Pazia aliamshwa na injini.

Alikurupuka, akaenda dirishani, akaivuta ile shuka kuukuu pembeni. Aliliona gari likitoka uani, likakata kona ya mtaa, likapotea. Hakukuwa na honi. Alibaki ameishika shuka, miguu mitupu kwenye sakafu ya baridi, akisikiliza. Hakujua alisimama hivyo kwa muda gani. Alijiambia amekwenda kazini, kisha akakumbuka ni siku yake ya mapumziko. Alifungua kabati. Nguo zake zilikuwepo. Alijichukia kwa kufungua kabati, lakini alizigusa moja moja hadi ya mwisho.

Kazini mikono haikumtii. Alikuwa na mapazia ya ukumbi wa kukabidhi siku hiyo, akapinda upindo upande wa nje, akafumua, akarudia kosa lilelile. Ndipo Dada alipoingia, mkoba kwapani, viatu vya shule miguuni, akavuta kiti bila kukaribishwa. Alisema yule mama anasubiri simu. Alisema nafasi kama ile haiji mara mbili. Alisema mengi, na Pazia aliendelea kufumua uzi hadi aliposikia sauti ya Dada ikibadilika.

"Mwisho wa muhula huu nakabidhi ofisi," Dada akasema.

"Najua, Dada. Tumeshapanga na sherehe."

"Sizungumzii sherehe. Nazungumzia kesho yake." Alikuwa anaangalia mkoba wake, anafunga na kufungua kishikizo. "Tangu nimeanza kazi sijawahi kuamka bila kujua nakwenda wapi. Nikaona kwamba tukiwa na nyumba, wewe na mimi, utakuwa unakuja. Utalazimika kuja, si ni yako pia? Gari likija, litakuchukua. Mtaniletea picha."

Pazia aliacha sindano. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kumsikia Dada akiomba kitu. Dada alitoa, alikataza, aliamua. Alimwona sasa, mikunjo shingoni, kola iliyopigwa pasi hadi ikang'aa, akaelewa kwamba sharti la majina halikumhusu Taratibu hata kidogo. Angekuwa daktari, angekuwa waziri, jina lake bado lisingeandikwa. Dada alikuwa anajifungia mtu wa kukaa naye.

Moyo ulimkata. Na bado, chini ya ule uchungu, palikuwa na kitu kigumu ambacho hakikukatika.

"Kwa nini hukuniambia hivyo tangu mwanzo?"

"Ningekuambiaje? Mimi ndiye mkubwa."

Pazia aliinuka, akajipangusa nyuzi kwenye sketi. Alisema atampigia mchana, lakini kwanza lazima amtafute mumewe. Dada alimtazama kwa macho ya zamani, yale ya kumsubiri mtoto mlangoni.

"Na usipomkuta?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia tangu dirishani. Likisemwa na mtu mwingine lilikuwa dogo kuliko alivyodhani.

"Basi nitakuwa nimejua," akajibu, akatoka.

Gereji ya mpiga rangi ilikuwa nyuma ya maghala, uwanja wa changarawe uliojaa milango ya magari iliyoegemezwa ukutani. Kulikuwa na harufu ya rangi na mpira ulioungua. Gari lao dogo lilikuwepo, limeegeshwa kivulini. Pazia alilishika boneti akalikuta limeshapoa, akasimama kidogo akijitia kutafuta kitu kwenye pochi.

Gari-nyumba lilikuwa mwisho wa uwanja. Alikuwa amelikataa muda wote huo bila kulitazama vizuri. Lilikuwa refu, jeupe, alama ya zahanati bado inaonekana chini ya rangi mpya kama kidonda kilichopona. Mlango wa ubavuni ulikuwa wazi, na kutoka ndani ilisikika skrubu ikilia.

Taratibu alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha, anafungua kimeza cha mbao kilichoshikizwa ukutani. Alipomwona alisita, kisha akaendelea kuzungusha bisibisi.

"Nimekuja kumwambia rafiki yangu amtafute mnunuzi mwingine," akasema bila kunyanyua macho. "Nilikuwa nimeshaanza kulitengeneza. Mbao ni zangu, nazichukua. Nunueni nyumba, mke wangu. Jina si kitu. Nitakuja kukagua paa."

Hakusema kwa kejeli. Kama angesema kwa kejeli ingekuwa rahisi. Pazia alipanda kidaraja, akaingia. Palikuwa na sinki dogo, makabati, kitanda nyuma, benchi refu kando ya mlango. Akakiangalia kile kimeza. Kilikuwa kifupi kwa kulia chakula na chembamba kwa kitu kingine chochote, lakini juu yake palitobolewa matundu ya boliti, na pembeni, kwenye ukuta, palikuwa na soketi mpya ambayo haijachakaa. Aliweka kiganja kwenye matundu. Nafasi kati ya tundu na tundu mikono yake iliijua hata gizani. Kilikuwa kitako cha cherehani yake.

"Hiki ni cha nini?" akauliza, ingawa alikuwa ameshajua.

"Mbao tu."

"Taratibu."

Aliacha bisibisi. Alikaa chini kabisa, mgongo kwenye kabati, miguu imenyooka kwenye sakafu nyembamba kiasi kwamba viatu vyake vilimgusa mkewe.

"Isitikisike barabarani," akasema. "Nilipima ulipokwenda sokoni. Hapo dirishani mwanga unakuja upande wa kushoto, si unapenda wa kushoto?" Alipangusa uso kwa mkono, akajipaka vumbi la mbao. "Unasema mimi nataka kuondoka. Mimi nimechoka kuondoka. Nimepita kila mahali, sijashuka popote. Kuna mlima mmoja nimeupita miaka yote ile, asubuhi ukungu unaukalia katikati, kilele kinabaki peke yake juu. Kila mara nasema siku moja nitasimama. Nina abiria, nina ratiba, napita. Kuna mto mmoja wanawake wanaanika nguo za rangi kwenye mawe yote. Napita. Mke wangu wa kwanza nilikuwa namsimulia, akasema amechoka kusimuliwa. Alikuwa na haki. Nilitaka wewe nisikusimulie. Nilitaka nifike pale niegeshe, nizime injini, nikuamshe."

Nje, mtu aligonga bati kwa nyundo, akaacha. Pazia alikaa kwenye benchi. Alitazama kichwa cha mumewe, nywele zilizoanza kuingia mvi juu ya masikio, na akajikuta anawaza jambo ambalo hakuwahi kuliwaza: siku ile honi ilipolia kwenye kona ya mtaa, yeye alikuwa amesimama uani ameshika ufagio. Sikuzote alikuwa amesimama uani. Kijumba cha ziwani kingekuwa na ua mzuri kuliko ule, na maji yakimetameta mbele yake, na bado angekuwa uani.

"Nilikukosea jana," akasema. "Na si jana tu. Nilipaswa kukuambia siku ileile. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe tangu nilipokuwa nafuta chai."

"Usiniharakishie, bado sijamaliza." Alivuta pumzi. "Mimi sitaki kuwa abiria. Kama ni gari, nifundishe kuliendesha. Hili, lote hili, na urefu wake. Ufunguo mmoja ukae kwangu. Siku nikiamka nikasikia injini, nataka iwezekane ni mimi niliyeiwasha."

Taratibu alimtazama. Kitu kilianza kumcheza pembeni mwa mdomo, akakizuia, kama anayeogopa kukitisha.

"Wanafunzi wangu wengi hulia wiki ya kwanza," akasema.

"Utalia wewe."

Taratibu akamshika mkono, mkono wa dereva na mkono wa fundi, yote miwili migumu viganjani. Walikaa hivyo, vidole vimeshikana. Simu ikaanza kuita ndani ya pochi.

Ilikuwa mchana. Pazia alitazama jina, akamtazama mumewe. Taratibu alitaka kumwachia mkono ili apokee peke yake. Pazia aliukaza, akaweka simu sikioni.

Alimwambia Dada kwamba amemkuta. Alimwambia kwamba hatatia sahihi, kwamba hawezi kununua nyumba inayomfungia mumewe nje, na kwamba wanachukua gari. Alijua nusu ya Dada peke yake haitoshi, alijua anachokivunja. Alizungumza akiwa amefumba macho. Alipomaliza, upande wa pili palikuwa kimya kiasi kwamba alidhani simu imekatika.

"Dada?"

"Nipo." Sauti ilikuwa nyembamba. "Nitamwambia yule mama amwuzie huyo mwingine. Hamna shida."

"Dada, mimi siendi popote bila wewe kujua niko wapi. Sitakuletea picha tu."

Pazia alimsikia akifunga na kufungua kishikizo cha mkoba, halafu akakohoa, akaipata sauti yake ya ofisini, au sehemu yake kubwa.

"Hilo gari lenu," Dada akasema, "lina vitanda vingapi?"

Pazia alifumbua macho. Ndani ya nafasi ile finyu kila neno la simu lilisikika, na Taratibu alikuwa amelisikia kama yeye. Uso wake uliganda. Pazia aliona jana yote ikipita juu ya uso ule: sebule ya mtu baki, majina mawili tu, dirisha la gari na shemeji usinichukulie vibaya. Hakumsihi. Hakuwa na haki hiyo. Alisubiri tu, simu sikioni, na Dada naye akasubiri.

Taratibu aliachia mkono wa mkewe. Aliinuka kwa kujishika kabati, akasimama akiwa ameinamisha kichwa kidogo chini ya dari.

"Mwambie kimoja," akasema.

Kisha akatoa futikamba mfukoni, akamwashiria mkewe asogee, akapiga magoti tena na kuanza kulipima benchi la mlangoni, mwisho hadi mwisho, kama anayepima kitanda.